Fisi Mwenye Nasaba Mbili

*Katika michezo ya ngano ichezwayo mezani kwa dado na karatasi, swali la nasaba ya mhusika hutanguliwa na swali jingine ambalo aghalabu halisemwi: ni kitabu gani kitakachoruhusiwa?*

Mchezaji amefika mezani na karatasi ya mhusika wake ikiwa tupu, isipokuwa mstari mmoja wa juu, ambapo ameandika kwa kalamu ya risasi kwamba anataka kuwa fisi. Hamkusudii fisi wa porini wa miguu minne. Anamkusudia yule aitwaye noli katika vitabu vya mchezo huu, mwenye kiwiliwili cha mtu mrefu aliyekonda, na kichwa, manyoya na kicheko cha fisi, ashikaye upinde au shoka kama askari yeyote.

Mwongozaji, yaani yule asimuliaye ulimwengu wa mchezo, akasema kwa midomo ya wenyeji wake na kukata shauri pale kanuni zinaponyamaza, ana vitabu viwili mbele yake, navyo vimehitilafiana. Cha kwanza, kitabu cha viumbe cha Dungeons & Dragons cha mwaka 2014, chasimulia kuwa manoli walitokana na fisi waliokula mabaki ya mauaji ya Yeenoghu, sultani wa mashetani, na kwa hiyo hawana ndani yao ila njaa na kiu ya damu. Cha pili, The Mwangi Expanse, kilichotolewa mwaka 2021 na kampuni ya Paizo kwa ajili ya mchezo wa Pathfinder, chawaeleza kuwa ni watu: wawindaji hodari, wajuzi wa hila za vita, wanaowaheshimu wafu wao kwa kuwala, desturi ambayo majirani huiona kuwa ni unyama na wenyewe huiona kuwa ni mapenzi.

Basi mchezaji akiuliza kama inajuzu kuwa fisi, hawezi kupewa jibu la insafu kabla haijajulikana ni fisi wa kitabu gani. Wengi wanaobishana juu ya jambo hili huanza na nasaba na kumalizia na vitabu. Rai ya makala haya ni kuwa mashauri yangeanza na kitabu, kwa kuwa kitabu ndicho kinachoamua nani ni mtu na nani ni windo.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu haujapata kumfikia, yatosha kusema kwamba watu wanne au watano huketi pamoja kwa saa kadhaa, kila mmoja akimwendesha mhusika wake katika kisa ambacho hakuna ajuaye mwisho wake, na kila jambo lenye shaka, kama kuruka genge au kumhadaa mlinzi wa lango, huamuliwa kwa kurusha dado yenye pande 20 na kuongeza juu yake hesabu iliyoandikwa katika karatasi. Hesabu hiyo ina mashina mengi, na mojawapo la kwanza kuulizwa ni nasaba: huyu ni binadamu, elfi, kibeti, orki, au nani?

Silsila ya kiumbe mmoja

Inastaajabisha kuwa noli hakuanza akiwa fisi hata kidogo. Lord Dunsany, katika mkusanyiko wake wa hadithi wa mwaka 1912, The Book of Wonder, aliandika juu ya viumbe wa msituni ambao hakuwaeleza sura, akaiacha hofu ya msomaji imalize kazi iliyobaki. Gary Gygax na Dave Arneson, walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974 katika kisanduku chenye vijitabu vitatu, walilichukua jina la viumbe hao, wakalibadili herufi, wakamfanya noli kuwa mchanganyiko wa nomu na zimwi, huku wakitania kwamba Dunsany mwenyewe hakulifafanua jambo hilo. Kichwa cha fisi alivikwa katika kitabu cha viumbe, Monster Manual, cha mwaka 1977, nacho hakijamwondoka tangu hapo.

Mwaka 1993 The Complete Book of Humanoids kilimruhusu awe mhusika wa mchezaji. Mwaka 2014 akahesabiwa kuwa kizazi cha karamu ya shetani, ingawa katika orodha ya viumbe aliachwa bado upande wa watu. Na katika Monster Manual mpya ya mwaka 2025 akaondolewa hata upande huo, akaandikwa miongoni mwa mashetani wenyewe.

Katika zama zizo hizo orki, ambaye kwa miaka mingi alikuwa windo la kila shujaa, alipanda cheo. Katika Player's Handbook ya mwaka 2024, kitabu cha msingi cha wachezaji, yumo miongoni mwa nasaba 10 za kuchaguliwa, na kitabu cha viumbe kilichofuata hakikumpa tena ukurasa wake wa uadui. Sioni hoja ya haki iliyompandisha mmoja na kumshusha mwenziwe. Naona uamuzi wa wahariri, ambao wangeweza kuamua kinyume na dunia isitikisike.

> Kitabu ndicho kinachoamua nani ni mtu na nani ni windo.

Msomaji aliyelelewa na hadithi zetu, ambamo Fisi huangamia kwa tamaa yake na Sungura akabaki akicheka, atashtuka akiona kuwa Pathfinder humpa noli nyongeza ya nguvu na nyongeza ya akili, akapungukiwa busara peke yake. Lakini akitafakari kidogo ataona kuwa hata Fisi wetu hakuwa mpungufu wa akili sana. Alichokosa ni subira, na Wamarekani wa Paizo, bila kutuuliza, wamekaribia kumjua.

Ruhusa ya mwaka 1974, katazo la mwaka 1979

Mabishano juu ya nani aruhusiwe ni ya tangu mwanzo wa mchezo. Katika kijitabu cha kwanza cha mwaka 1974 imeandikwa kuwa hakuna sababu ya kumzuia mchezaji asiwe karibu kiumbe chochote, maadamu aanze akiwa dhaifu na kupanda polepole, na mfano uliotolewa ni wa mtu atakaye kuwa joka, ambaye sharti aanze akiwa joka kinda. Walakini katika kijitabu hicho hicho kibeti askari hakuweza kuvuka daraja la 6, wala hobiti daraja la 4, ilhali binadamu hakuwekewa mpaka. Ruhusa ilikuwa pana mlangoni na finyu ndani ya nyumba.

Ilipofika mwaka 1979, katika kitabu chake cha waongozaji, Gygax alikuwa amekwisha kugeuka. Aliwashauri waongozaji wasiwe wepesi kuwakubalia wale watakao kuwa mazimwi na majoka, akidai kuwa wengi wao hutafuta nguvu, wala hawana haja na uigizaji, na kwamba ulimwengu wa mchezo haukosi kusimama juu ya binadamu, kwa sababu binadamu ndiye pekee ambaye mchezaji anamfahamu kwa hakika.

Hoja hii ya pili ni nzito, na kila aliyepata kumwona mchezaji akiigiza elfi wa miaka 200 kwa tabia zile zile za kijana wa miaka 19 hawezi kuipuuza. Ila historia ya mchezo wenyewe inaipinga. Husimuliwa kuwa katika meza ya Arneson, kabla ya kisanduku kile kuchapwa, mhusika wa mchezaji mmoja aligeuka kuwa vampaya mwenye nguvu za kupita kiasi, hata ikabidi abuniwe kasisi wa kumkabili; na fani ya kasisi, tabibu wa kundi, ingali imo katika mchezo mpaka leo, mojawapo ya kongwe zake. Lau vampaya yule angalikataliwa mlangoni, mchezo huu ungalikaa bila tabibu kwa muda gani?

Hesabu ya kibeti mchawi

Wasemao kuwa nasaba huchaguliwa kwa mapenzi peke yake hawajapata kukaa na kujumlisha. Tumchukue mchezaji atakaye kuwa mchawi msomi, fani ambayo nguzo yake ni akili. Kwa kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, aliyetumia hesabu za kawaida, ambazo kubwa yake ni 15, akijichagulia elfi wa juu hupata akili ya 16; akijichagulia kibeti wa milimani hubaki na 15 ile ile, maana nyongeza za kibeti huyo zote hukwenda katika nguvu na siha. Tofauti ya 15 na 16 ni alama moja juu ya dado ya pande 20, yaani mara 5 katika kila 100. Si nyingi, lakini imetosha kuwafanya wachezaji wengi makini wajaze dunia wachawi wa kielfi, na vibeti wakabaki na shoka zao.

Tasha's Cauldron of Everything, kilichotoka Novemba 2020, kilimruhusu mchezaji azihamishe nyongeza za nasaba yake apendako. Na mwaka 2024 nyongeza hizo zikatolewa kabisa katika nasaba, zikapewa usuli wa mhusika, yaani malezi na kazi aliyokuwa nayo kabla ya kushika njia. Sababu haikuwa hesabu peke yake. Juni 2020, Marekani ilipokuwa ikitikisika kwa maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd, kampuni ya Wizards of the Coast, mwenye mchezo huo, ilikiri hadharani kuwa maorki, na wale maelfi weusi waitwao drow, walikuwa wamechorwa kwa namna iliyofanana mno na vile makabila ya watu halisi yalivyodhalilishwa na yanavyodhalilishwa.

Ungamo hilo lilikuwa na ushahidi wake. Volo's Guide to Monsters cha mwaka 2016, kilichowafungulia wachezaji nasaba ya orki, kilikuwa kimemwandikia upungufu wa akili wa 2 tangu kuzaliwa. Msomaji Mwafrika hahitaji kuelezwa sentensi ya namna hiyo ilikwisha kuandikwa wapi hapo kale, na nani waliokuwa wakielezwa.

Pathfinder ya mwaka 2019, iliyoacha kusema mbari na kushika nasaba, ilipita njia nyingine. Humo elfi hupewa wepesi, akili, na nyongeza moja ya hiari, akapungukiwa siha. Kibeti hupewa siha, busara, na moja ya hiari, akapungukiwa haiba. Kwa kuwa kibeti aweza kuipeleka ile ya hiari katika akili, wote wawili huanza uchawi wakiwa sawasawa, na tofauti yao huhamia penginepo. Nasaba ya elfi humpa alama 6 za uhai na ya kibeti humpa 10, kisha kila mmoja huongezewa 6 za fani. Elfi ambaye siha yake imeshuka kwa 1 atafikia 11, na kibeti ambaye yake imepanda kwa 1 atafikia 17. Naye elfi hukimbia futi 30 ilhali kibeti hujikokota futi 20, na mchawi aliyepata kufukuzwa anajua thamani ya futi 10.

Fauka ya hesabu hizo kibeti hupewa jambia la ukoo bila kulinunua, alilotunukiwa alipozaliwa, na kuliuza ni mwiko wa kumfanya adharauliwe na jamaa zake. Mstari huo, usio na hesabu hata moja ya kutamanisha, humfunza mchezaji juu ya vibeti mambo ambayo jedwali zima la nyongeza haliwezi kumfunza. Na mwongozaji mwerevu hatakawia kumfikisha kibeti huyo, mfuko ukiwa mtupu na njaa ikimsokota, mbele ya mnunuzi wa silaha.

> Jambia la ukoo hupewa bure, na kuliuza ni mwiko.

Cha msingi na kimoja cha ziada

Kwa miaka kadhaa Adventurers League, utaratibu rasmi wa michezo ya hadhara ya Dungeons & Dragons, ulimtaka mchezaji amjenge mhusika wake kwa Player's Handbook na kitabu kimoja tu cha ziada. Faida yake ilikuwa dhahiri. Mwongozaji wa hadhara, akutanaye na wageni kila juma, hawezi kuvihifadhi vitabu kumi kichwani. Na vipaji viwili vilivyobuniwa na waandishi wawili wasioonana, vikikutanishwa katika mhusika mmoja, mara nyingi huzaa nguvu ambayo hakuna aliyeikusudia.

Waongozaji wa nyumbani wenye msimamo huo wana hoja iliyo nzito zaidi kuliko uchovu. Husema kuwa ulimwengu ambamo kila kiumbe kinaruhusiwa haushangazwi na kiumbe chochote: ikiwa katika kundi moja wamo mtu wa ndege, mtu wa mjusi, mtu wa mti na mjukuu wa malaika, basi mlinzi wa lango atakayewapokea ama amwone kila mmoja kuwa ni wa kawaida, na hapo nasaba zimekwisha maana, ama apige yowe kila wafikapo mji mpya, na hapo kisa kitakwama langoni.

Upande wa pili una wachezaji walionunua vitabu kwa fedha zao, ambao hawaoni kwa nini ukurasa walioulipia ufungwe kwa amri ya mtu mmoja. Wapo pia wenye sababu ya ndani zaidi, nao wanastahili kusikilizwa kwa staha. Mwaka 2024 nusu-elfi na nusu-orki walipoondolewa katika Player's Handbook, baadhi ya wachezaji wenye wazazi wa asili mbili walilalamika kuwa wamenyang'anywa mhusika pekee aliyefanana nao, na wengine wakajibu kuwa kumwita mtu nusu ndiko kulikokuwa matusi tangu awali. Paizo walikwisha kuwahifadhi watu hao kwa majina yao wenyewe, aiuvarin na dromaar, na kwa maoni yangu walitenda kwa adabu zaidi.

Wala biashara isisahauliwe. Kitabu cha msingi hununuliwa mara moja. Kinachomrudisha mchezaji dukani ni cha nyongeza, na nasaba mpya ni chambo kizuri. Monsters of the Multiverse, cha mwaka 2022, kilikusanya zaidi ya nasaba 30 kutoka vitabu vilivyotangulia, kikazisawazisha hesabu zake, na katika kusawazisha huko kikafupisha habari za desturi, miungu na makao yao. Mchezaji alipata watu wengi zaidi, na kila mmoja akiwa na machache zaidi ya kusimulia.

Nchi inayokuja na watu wake

Hapo ndipo The Mwangi Expanse kinapostahili kutazamwa kwa karibu. Mkenya akilisikia jina hilo atadhani anatajiwa jirani yake wa Murang'a, na ni kweli kuwa nchi hiyo ya kubuni, iliyo katika bara liitwalo Garund, ni Afrika iliyootwa kutoka mbali, yenye majina yaliyookotwa huku na huku. Vitabu vya awali viliitazama mno kwa macho ya mpelelezi ajaye na ramani na bunduki. Hiki cha mwaka 2021 kiligeuza kiti: kinaanza na wenyeji, miji yao na ugomvi wao wenyewe kwa wenyewe, na yule mgeni akawa ni sura moja tu ya historia yao.

Mna Nantambu, mji wa chuo cha uchawi cha Magaambya, kilichoasisiwa na mzee Jatembe. Mna Vidrian, nchi iliyokuwa koloni kwa jina la Sargava na sasa imejitwalia uhuru, ikahangaika na mambo yanayotuhangaisha sisi pia. Ndani ya nchi hiyo ndimo zilimowekwa nasaba sita mpya za kuchaguliwa, manoli wakiwa mojawapo.

Nyingine ni anadi, watu buibui wa misituni, wapole na wenye kupenda ujamaa, ambao kwa kuona wageni wanavyozimia kwa hofu wakiwatazama, walijifunza sihiri ya kuvaa umbo la binadamu. Umbo hilo kwa kila anadi ni moja, halibadilishwi apendavyo, kwa hiyo si la kijasusi. Ni la jamala, kama mtu avaavyo kanzu safi kwenda kwa jirani. Mchezaji achaguaye anadi hupata kipaji cha kugeuka na meno ya kung'ata, lakini hupata pia swali la kudumu, yaani mbele ya nani ataivua sura hiyo, na swali hilo laweza kuendesha kisa mwaka mzima bila joka hata moja.

Rai yangu, basi, ni kuwa mwongozaji asiulize idadi ya vitabu. Amwulize mchezaji mtu wake anatoka wapi, ni nani waliomlea, na kwa nini aliondoka. Na kama kitabu kinajibu maswali hayo kwa namna inayopatana na dunia iliyo mezani, kiruhusiwe hata kikiwa cha kumi na moja. Kama kinatoa hesabu na picha peke yake, kikataliwe hata kikiwa cha pili. Pathfinder husaidia kidogo kwa kuzitia nasaba alama, hizi za kawaida, hizi si za kawaida, hizi adimu, na ile adimu haichaguliwi minghairi ya idhini ya mwongozaji. Ila alama hiyo hueleza uchache wa watu hao duniani, na haiwezi kueleza kama wanafaa katika kisa chako.

Gharama isiwe kisingizio cha uchache wa vitabu, hata kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye kuagiza kitabu cha rangi kutoka Marekani ni mzigo. Kanuni zote za Pathfinder husomwa bure, kwa ruhusa ya Paizo, katika tovuti ya Archives of Nethys; na Wizards of the Coast, baada ya kuwaudhi wateja wao kwa kutaka kuibana leseni ya zamani, walizitoa kanuni za msingi za Dungeons & Dragons kwa leseni huru ya Creative Commons tarehe 27 Januari 2023.

Mzozo huo wa leseni ulimfikia hata fisi. Paizo, wakijitenga na kila walichokirithi kutoka Dungeons & Dragons, waliziandika upya kanuni zao, na katika Player Core 2 ya mwaka 2024 noli anaonekana kwa jina jipya la kholo. Meno yake yangali yale yale, na akili yake, na lile tawi lake lenye pumzi tamu ya kuwavutia wageni. Lakini amehamishwa kutoka kitabu cha nchi kuja kitabu cha kanuni, mahali ambapo Nantambu na Vidrian hazipo, na mchezaji atakaye kujua kwa nini watu hao hula wafu wao kwa taadhima itambidi akitafute kile cha mwaka 2021.